Sura Isiyopangiwa Mtahini

Nikipewa tasnifu, naanza na majedwali. Wenzangu wengine huanza na ukurasa wa shukrani, wengine na orodha ya marejeo, wote wakitafuta majina yao. Mimi nafungua katikati, penye namba, na kusoma safu moja baada ya nyingine kabla sijajua mwandishi anataka kunishawishi nini. Nimefundisha takwimu na uchumi wa utalii mjini Iringa kwa miaka mingi, na mtu akikaa na namba muda wote huo hufika mahali ananusa tu, kama mama anayejua wali umeungua akiwa bado uani. Nilijivunia pua hiyo. Nilikuwa nasema wazi, hata mbele ya wanafunzi, kwamba data za kupika zina harufu yake.

Tasnifu ninayoikumbuka hapa ilinifikia mwezi wa saba, ule wakati ambao Iringa hata jua la saa sita halikuvui sweta. Ilikuja ndani ya bahasha ya kaki kutoka chuo kimoja cha Mbeya, pamoja na barua iliyoniteua kuwa mtahini wa nje. Ilikuwa ya shahada ya uzamivu, na mada yake ilikuwa utalii wa kulala majumbani katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilolo. Wageni wanaokwenda kuona makumbusho ya Kalenga na misitu ya milimani, badala ya kulala hotelini mjini, hulala kwa wanakijiji, na nyumba huwapokea kwa zamu.

Mwandishi alikuwa mhadhiri msaidizi, mama wa makamo mzaliwa wa Njombe, na kazi hiyo ilikuwa imemla miaka sita. Mwenyekiti wa jopo alinipigia simu kunieleza hali yake, jambo ambalo nadhani hakupaswa kulifanya. Muda wake ulikuwa umekwisha na ulishaongezwa mara mbili. Asipofaulu safari hii atatolewa darasani, apelekwe dawati la usajili, akapange mafaili ya wanafunzi aliokuwa akiwafundisha. "Nakwambia tu ujue," alisema. Nilimjibu kwamba namba hazina huruma, na nilipokata simu niliona nimejibu vizuri.

Barua ilieleza pia tutakavyogawana kazi. Siku hizo neno "taaluma mtambuka" lilikuwa limeingia vyuoni kwa kishindo. Kila waraka ulikuwa nalo, na mradi usiokuwa nalo ulionekana umevaa nguo za mwaka juzi. Kwa kuwa tasnifu hii ni ya taaluma mtambuka, barua ilisema, kila mtahini atatathmini eneo la utaalamu wake. Sura ya tatu, ya misitu na kuni, alipewa bwana mmoja wa misitu. Sura ya nne na ya tano, za dodoso na uchambuzi wake, nilipewa mimi. Sura ya sita, ya mila na ukarimu, alipewa mama mmoja wa masomo ya jamii. Sura mbili za mwanzo na hitimisho tungesoma wote. Niliona ni mgawanyo wa busara, kila mtu na kipande chake na hakuna ugomvi.

Jedwali la kwanza la sura ya nne lilinisimamisha. Dodoso lilikuwa la kawaida: sentensi kadhaa, na mhojiwa anachagua moja hadi tano, moja ikiwa sikubali kabisa na tano nakubali sana. Kupokea wageni kumeisaidia kaya yetu. Wageni wanaheshimu desturi zetu. Tungependa kuendelea kuwapokea. Kaya zote zilizohojiwa zilijibu tano. Sisemi nyingi, nasema zote. Palikuwa hata na swali la mtego, lile tunaloligeuza makusudi ili kumnasa mtu anayeweka alama bila kusoma: wageni wanatusumbua. Hapo kaya zote zilijibu moja. Nimeshika madodoso tangu ujana wangu na sijawahi kuona nyumba mbili zinazokubaliana kuhusu mvua, sembuse kijiji kizima kuhusu wageni.

Chini ya jedwali palikuwa na mstari mmoja: Maelezo ya mfanano huu yako katika sura ya saba. Niliuona, sitaki kujifanya sikuuona. Lakini wanafunzi wote hukusukumia kwenye sura nyingine, kama fundi cherehani anayekuambia rudi Alhamisi, na sura ya saba haikuwa kwenye orodha yangu. Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja na nusu. Nilisema majibu yana dalili zote za kuandikwa na mkono mmoja, na nikapendekeza mwandishi apelekwe kwenye kamati ya maadili. Kisha nikajaza fomu ya tathmini iliyoambatanishwa. Swali lake la mwisho lilikuwa na visanduku viwili: Je, kazi hii inaunganisha taaluma zake? Ndiyo. Hapana. Niliweka tiki kwenye ndiyo, kwa sababu huo haukuwa ugomvi wangu. Nilijisikia vizuri siku hiyo, na nakumbuka nilikula vizuri pia.

Siku ya utetezi nilipanda basi la alfajiri. Mafinga malori ya magogo ya misonobari yalikuwa yamejipanga barabarani, Makambako upepo ulikuwa unawasumbua wachuuzi na mifuko yao, na baada ya Chimala nilisinzia, nikaamka Uyole na shingo imekaza. Chuoni walitukaribisha chai na viazi katika chumba kidogo, na hapo ndipo nilipokutana na watahini wenzangu. Bwana wa misitu alikuwa mtu wa maneno machache, amevaa koti la mvua ndani ya nyumba. Mama wa masomo ya jamii alikuwa mnene na mcheshi, na alikuja na kikapu cha maparachichi aliyoyanunua njiani.

"Sura ya misitu iko vizuri," alisema yule bwana. "Hizo nyingine si zangu."

"Na yangu nzuri," mama akadakia. "Ila kuna yale majedwali huko katikati, mimi niliruka. Dokta, wewe ndiye mtu wa majedwali, umeyaonaje?"

"Mabaya," nilisema. "Mtaona."

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na pale tulikuwa waamba ngoma watatu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake zaidi ya hapo. Tulimaliza viazi, tukaitwa.

Mwandishi aliingia amevaa sweta la kijivu juu ya gauni la kitenge. Alisimama nyuma ya meza ingawa alipewa kiti, akaeleza kazi yake kwa muda aliopangiwa, hakuzidisha hata dakika. Mwenyekiti alianza na mimi, kwa sababu ripoti yangu ndiyo iliyokuwa na moto.

"Madodoso haya nani aliyajaza?" niliuliza.

"Wenye nyumba, Dokta."

"Kila mmoja kwake?"

"Hapana. Waliyajaza pamoja."

Nilimtazama mwenyekiti ili aone kwamba mtego umenasa. "Kwa hiyo unakubali kwamba haya si majibu ya kaya moja moja."

"Nakubali. Nimeandika hivyo. Ni sura ya saba."

Alisema bila kiburi, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Mwenyekiti alipekua karatasi zake. "Sura ya saba ni ya nani?" akauliza. Bwana wa misitu alimtazama mama wa masomo ya jamii, mama akanitazama mimi, mimi nikaitazama barua ya uteuzi niliyokuwa nayo kwenye faili. Mbili za mwanzo, ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, na hitimisho ambalo ni la nane. Mimi, mtu wa takwimu, nilikuwa nimeshindwa kuhesabu mpaka nane.

"Basi tueleze," mwenyekiti alimwambia, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Alieleza kwa dakika kumi hivi. Alipokwenda kijijini mara ya kwanza alifuata taratibu zote. Alipeleka kibali chake ofisi ya kijiji, na kwa adabu akaambatisha nakala ya dodoso ili wenyeji wajue anachokuja kuuliza. Mtendaji wa kijiji akampa balozi wa nyumba kumi ile nakala. Balozi akaona kwamba karatasi ya maswali ikitangulia kabla ya mwulizaji, maana yake watu wanatakiwa kujiandaa. Akaziita nyumba zote zinazopokea wageni. Walikaa kwake alasiri mbili, juu ya turubai, mikono ikimenya njegere, waliosoma wakiwasomea wasiosoma, swali kwa swali.

Na walibishana. Hilo lilinishika hata pale nilipokuwa bado nataka kushinda. Nyumba zilizo mbali na msitu zilisema wageni ni mzigo, kwa sababu mgeni huoga maji ya moto asubuhi na jioni, na katika baridi ya Kilolo kila ndoo ya maji hayo ina mwanamke aliyeibebea kuni kichwani. Nyumba za karibu na msitu zikasema hakuna shida yoyote. Wajane walitaka zamu zao ziongezwe. Mzee mmoja alisema mgeni wake alimpiga picha akiwa anakula, hakuomba, na alitaka jambo hilo liandikwe. Mwishowe balozi akafunga mjadala. Mgeni ni wa kijiji, alisema, siyo wa nyumba, kwa hiyo nyumba haiwezi kuwa na neno lake peke yake juu ya mgeni. Ikisema mzigo, itaonekana inawakimbia wenzake. Ikisema faida, itaonekana inajipendelea. Na huyu mtafiti naye ni mgeni, apewe neno moja. Wakakubaliana tano kila mahali, isipokuwa lile swali la kusumbua, ambalo walilitambua mara moja na kuliwekea moja.

Mwandishi, aliyekuja baadaye kukusanya madodoso nyumba kwa nyumba, hakujua lolote kati ya haya mpaka alipokuwa ameshayajumlisha majibu yote. Alirudi kijijini kuaga, akakaribishwa jikoni na mama mwenye nyumba alimokuwa akilala.

"Kamwene, mwanangu," yule mama alimwambia, kwa salamu ya kwao. "Ulitupa kazi kweli na makaratasi yako. Siku mbili tumekaa kwa balozi! Lakini si umefaulu?"

Aliuliza akicheka, amefurahi kwa niaba yake. Mwandishi alituambia alitoka jikoni akaenda kulia nyuma ya banda la kuku. Angeweza kuyachoma madodoso yale na kuanza upya kijiji kingine. Badala yake alibaki miezi minne, na hakuwauliza tena watu maoni yao kuhusu wageni. Aliwauliza walivyobishana zile siku mbili, nani alisema nini, nani alinyamaza, na nyumba yake iko umbali gani na msitu. Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya saba. Kuni za bwana wa misitu zilikuwemo, desturi za mama wa masomo ya jamii zilikuwemo, na namba zangu zilikuwemo, na kila moja ilikuwa inaieleza nyingine. Ile safu yangu ya tano tupu ilikuwa na ugomvi wa kijiji kizima chini yake, na yeye alikuwa ameuchimbua.

Masikio yangu yalipata moto. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa kwa maandishi, ukurasa mmoja na nusu, nakala kwa kila mjumbe. Nilimwambia mwenyekiti palepale, mbele yake, kwamba naiondoa tuhuma yangu na naomba iandikwe kwamba nimeiondoa. Iliandikwa. Mwandishi aliinamisha kichwa kidogo, hakusema asante, wala sikuitegemea.

Alitolewa nje ili tujadiliane. Mwenyekiti alivua miwani.

"Sasa sura hii tunaipa alama gani?"

"Ni sura nzuri," nilisema. "Pengine ndiyo tasnifu yenyewe."

"Umeisoma?"

"Nimeisikia."

"Hatutoi shahada kwa kusikia, Dokta." Akachukua fomu zetu tatu, akazipanga mezani. "Hapa mwisho mmeulizwa kama kazi inaunganisha taaluma zake. Wote watatu mmeweka ndiyo. Mliona wapi?"

Bwana wa misitu alifunga vifungo vya koti lake. Mimi nilikuwa nimewashangaa wanakijiji kwa kujibu kwa sauti moja, na walau wao walikaa siku mbili kwanza.

Nilipendekeza tuahirishe kwa saa chache, tukae tuisome. Bwana wa misitu alikuwa na gari linalomsubiri, na akasema hata akiisoma ataweza kuzungumzia kuni tu. Mama wa masomo ya jamii akasema yeye ataweza kumzungumzia balozi tu. Mwenyekiti akafungua kitabu cha kanuni: sura hutathminiwa na mtahini aliyeteuliwa kwa eneo hilo, na kama hayupo, ateuliwe wa nne.

"Huyo wa nne awe wa taaluma gani?" mama aliuliza.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alisema kumtafuta mtahini wa nne, kumwandikia na kumsubiri ni mwaka mzima, na huyu mama hana mwaka. Sura nyingine zote zimepita, hata zangu, maadamu tuhuma imeondolewa. Kwa nini sura moja isiyo na mtahini imwangushe? Iondolewe, afaulu, aendelee kufundisha, na hiyo sura aje aichapishe mahali pengine akipata nafasi. Ilikuwa huruma, na huruma ni ngumu kuipinga mbele ya watu. Nilisema nasikitika. Kisha nikaweka sahihi yangu chini ya zile mbili nyingine. Nakala zetu zilikusanywa, kama ilivyo kawaida, zikafungiwa kabatini.

Alipoitwa na kuambiwa, aliuliza neno moja tu. "Yote?"

"Yote. Una wiki nne."

Nilimfuata kwenye baraza. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, wanafunzi wanapita wameyakumbatia madaftari yao kwa baridi. Nilimwomba anisamehe kwa ile ripoti.

"Yameisha, Dokta," alisema. "Mimi nilijiandaa kupingwa. Wiki nzima nimekaa natafuta majibu ya kila pingamizi. Sikujiandaa kwamba hamjaisoma."

Yeye ndiye aliyeniokoa: akaniuliza naondoka lini, akanielekeza duka la Mwanjelwa lenye mchele mzuri wa Kyela, akaniambia nisikubali wanichanganyie. Nilikwenda, nikanunua, na kweli ulikuwa mchele mzuri.

Kwa kuwa nilikuwa nimeonyesha moyo, mwenyekiti alinipa kazi ya kuhakiki marekebisho. Wiki ya tatu kifurushi kililetwa kwa basi, nikakichukua stendi, nikaenda nacho ofisini. Kazi yangu ilikuwa imeandikwa kwenye barua: nithibitishe kwamba sura ya saba imeondolewa, kwamba kurasa zinafuatana, na kwamba hitimisho, lililokuwa sura ya nane, sasa ni la saba. Niliifanya kwa uangalifu. Nilifuata namba za kurasa kwa kidole. Nilipofika kwenye lile jedwali nikakuta mstari bado upo chini yake: Maelezo ya mfanano huu yako katika sura ya saba. Sura ya saba sasa ilikuwa hitimisho, na humo hapakuwa na maelezo yoyote ya mfanano. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaukata mstari, nikaandika pembeni: Ondoa, rejeo halipo tena.

Nilimpigia simu kumwarifu.

"Ule mstari wa chini ya jedwali?" aliuliza.

"Huo huo. Hauelekezi popote sasa."

"Sawa, Dokta," alisema. "Nitautoa."

Akautoa, nikasaini. Alipata shahada yake na akabaki darasani. Mimi nilirudi kwenye kazi zangu, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nakisimulia kisa hiki wakati wa chai, kwa kujicheka: jinsi pua yangu ilivyonidanganya, jinsi wanakijiji wa Kilolo walivyoliruka swali la mtego la wataalamu. Watu walicheka sana. Kwenye semina nilisema kazi ya taaluma mtambuka haigawanywi kama nyama ya sherehe, na nikaalikwa semina nyingine niseme hivyo tena. Kalamu nyekundu haikuwemo katika kisa changu. Sikuificha, niliona tu ni mambo ya kupanga kurasa.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa uzamili alibisha hodi ofisini. Ni dada makini aliyefanya kazi mapokezi ya hoteli kabla ya kurudi masomoni, na huwa hasemi jambo kabla hajalichunguza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Aliweka mezani nakala za kurasa alizozitoa kwenye maktaba ya chuo kile cha Mbeya, na juu kabisa niliona jina la kijiji. Alikuwa anaandika mapitio ya tafiti za utalii wa majumbani katika nyanda zetu, akitenganisha za kuaminika na zisizoaminika.

"Hii nimeiweka kwenye zisizoaminika," alisema. "Data zimepikwa, mwalimu. Kijiji kizima kimejibu tano. Ila kabla sijaandika jina la mtu, nimeona nihakikishe."

Nilicheka. Nilimwambia hata mimi nilianguka hapo hapo, asome sura ya saba.

"Nimeisoma. Ni hitimisho."

"Basi chini ya jedwali kuna mstari..." nilianza, na sikumaliza.

Aligeuza karatasi kunielekea. Chini ya jedwali palikuwa peupe. Kila kilichokuwa kinamkinga yule mama na msomaji wa aina yangu kilikuwa kimeondolewa, sura kwanza, mstari baadaye, na huo wa mwisho niliuondoa kwa mkono wangu. Tuhuma niliyoifuta kwa mdomo mbele ya jopo nilikuwa nimeirudisha maktabani kwa kalamu, mahali ambapo mtu yeyote ataikuta. Nilijisikia vibaya kuliko siku ile ya Mbeya. Siku ile sikuwa najua; safari hii nilikuwa nimeshaambiwa kila kitu, na bado nikafanya.

"Nilimpigia simu mwandishi mwenyewe," mwanafunzi aliendelea. "Kanipokea vizuri tu. Nilipomuuliza nani alijaza madodoso, akasema nije kwako, maana sahihi ya kuthibitisha ni yako, utanieleza. Akasema mimi ni wa tatu kumpigia."

Wale wawili wa kwanza hawakuwahi kufika kwangu. Sijui waliandika nini.

Nilimwomba tena akae, akakaa. Nilimweleza habari ya nakala ya dodoso, mtendaji, balozi, alasiri mbili kwenye turubai, kuni na maji ya moto. Nilikuwa nikieleza nikajiona naeleza vibaya. Sikukumbuka ni nyumba zipi zilinyamaza, wala wajane walijibiwa nini. Nilichokuwa nacho ni dakika kumi za kusikia, na katika miaka yote ya kukichekesha kisa kile wakati wa chai sikuwahi kumwomba yule mama anipe sura yake niisome. Mwanafunzi aliandika kila neno. Kisha akainua kalamu.

"Chanzo nitaje nini, mwalimu? Nikiandika hivi wataniuliza hiyo sura iko wapi."

"Andika kwamba ilikuwepo," nilimwambia, "na kwamba mtahini aliyethibitisha tasnifu alisaini iondolewe bila kuisoma. Weka jina langu."

Aliniangalia kuona kama natania, kisha akaandika.